Picha za Visu Katika Nyumba ya Eda

Vijana wa kambini waliipata filamu ile ikiwa imesafishwa, na nadhani hapo ndipo ilipoharibika.

Kazi yangu ni kuwapikia wajenzi wa barabara. Barabara ikisogea nasi tunasogea, na kwa njia hiyo nimelala katika sehemu nyingi za nchi hii kuliko nilivyolala kwetu Mombasa. Kambi tuliyoko sasa iko bara, penye vumbi jekundu lisilotoka kwenye sufuria hata ulisugue vipi. Jioni, watu wakishakula, vijana hutundika shuka kwenye ubavu wa kontena na kurusha filamu. Siku hiyo waliweka picha ya kisu, mojawapo ya zile zenye muuaji aliyefunika uso, nyumba iliyo peke yake msituni, vijana wa Kizungu wasiosikia la mtu, na mwishoni ahadi kwamba yule muuaji hakufa. Ilikuwa sehemu ya pili au ya tatu. Niliijua kabla haijaendelea mbali, kwa sababu utotoni niliitazama mpaka nikawa naiota. Lakini ile iliyokuwa ukutani ilikuwa kama jamaa aliyetoka hospitali kanyolewa ndevu. Giza lote lilikuwa limeoshwa. Kila jani lilionekana. Pale ambapo kwetu palikuwa na weusi mzito uliotetemeka kama maji ya kisima, sasa palionekana ukuta uliopakwa rangi, na mtu amesimama pembeni akingoja zamu yake ya kutokea.

"Mama, wewe huogopi?" aliniuliza dereva mmoja wa greda. "Wenzako wa jikoni wamekimbia wote."

"Hii imeoshwa mno," nikamjibu. "Ya kwetu ilikuwa na uchafu mzuri."

"Uchafu nao una uzuri gani?"

"Ungeuona ungejua."

Akacheka, akarudi kwa wenzake. Mimi nikabaki na sinia mkononi, nikimkumbuka shangazi yangu, Mungu amrehemu, na miezi ile ambayo mimi na yeye tulitazama picha za visu katika nyumba ya msiba, bila sauti, mama yangu akiwa chumba cha pili.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, orofa ya juu, yenye ngazi nyembamba ambazo mgeni alizipanda akishika ukuta. Baba alikuwa msimamizi wa wapakiaji katika ghala moja huko Shimanzi. Kila asubuhi alipotoka, nilipanda juu ya kasha lililokuwa chini ya dirisha, nikamtazama akienda zake, kofia na mabega, mpaka kichochoro kilipopinda na kumficha. Asubuhi moja alikwenda hivyo hivyo, na kabla ya Alasiri akaletwa. Moyo wake ulisimama akiwa katikati ya magunia. Mimi nilikuwa mtoto wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Nakumbuka kwamba katika vilio vyote vile nilikuwa nikipitisha ulimi kwenye pengo, na nikaona haya kwamba lilikuwa likinipendeza.

Mama akaingia eda. Kwa wasioijua, ni miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani kwake. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii wanja wala hina wala manukato. Mama alivaa kanzu nyeupe isiyo na ua hata moja. Nyumba ambayo ilikuwa ikinuka udi na asmini ikawa hainuki kitu. Bi Nuru, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alifunika kioo cha kabati kwa shuka, na nilipomwuliza sababu akasema ndivyo wazee walivyofanya. Watu walijaa mpaka hitima ikasomwa, kisha wakapungua siku baada ya siku. Mwishowe ukabaki mlio wa kanzu ya Mama ikipita ukumbini, kwa sababu alikuwa hakai mahali pamoja. Alitoka chumbani akaenda jikoni, akasimama, akarudi. Alizungumza kidogo sana, na mimi karibu hakunisemesha kabisa.

Hapo ndipo dada yake Baba alipokuja kukaa nasi. Shangazi alikuwa fundi wa kushona mabuibui na nguo za watoto. Hakuwa na mume wakati huo, na ulimi wake ulifanya watu wasiulize kwa nini. Alikuja na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na cherehani ya miguu, na kitu kikubwa kilichofungwa blanketi kama mgonjwa. Kilipofunguliwa kilikuwa tivii na deki ya video.

"Wifi, hilo nalo la nini?" Mama aliuliza akiwa ndani.

"La kunitoa usingizi nikishona."

"Katika eda yangu?"

"Sitalifungulia sauti. Wallahi hutasikia hata kikohozi."

"Watu watasema."

"Waseme. Wakiulizwa wamesikia nini, watajibu nini?"

Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Na Shangazi alitimiza ahadi. Kitufe cha sauti alikizungusha mpaka mwisho, akakibandika kipande cha utepe asije mtu akakigusa. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulifunga madirisha ya ukumbini. Mwanga ukaingia kwa mistari tu kupitia mbao zake na kulala sakafuni. Tulikaa watatu: Shangazi kwenye cherehani, mimi kwenye mkeka, na Bi Nuru, aliyekuja siku ya kwanza kulaumu.

"Haramu hii," alisema Bi Nuru akivuta mto na kuuweka mgongoni. "Nyumba ya eda. Lahaula. Huyo ndiye nani, mwenye koti?"

"Huyo ni wa kufa," Shangazi akamwambia. "Usimzoee."

Kwa nini zilikuwa picha za visu na si nyingine, sababu yake ilikuwa hiyo hiyo ya sauti. Shangazi alianza kwa kujaribu picha za Kihindi, lakini picha ya Kihindi bila nyimbo ni harusi bila pilau. Za mapenzi nazo zilikuwa midomo mitupu inayochezacheza. "Mapenzi yanataka maneno," alisema, "lakini kisu hakitaki mkalimani." Basi akawa ananituma duka la kanda na kijikaratasi, nami narudi na picha za kisu. Sehemu ya kwanza haikupatikana kamwe. Ama ilikuwa imeazimwa, ama ilikuwa imeliwa na deki ya mtu. Tulianzia ya pili, tukaruka ya nne, tukarudi ya tatu. Ndiyo maana katika nyumba yetu kila hadithi ilianza pale ambapo watu walikwishakufa, na aliyebaki yumo ndani anajifunza kulala peke yake. Mimi sikuona ajabu yoyote.

Nataka kuzieleza picha zile kama zilivyokuwa kwetu, kwa maana aliyeziona juzi zikiwa safi hazijui. Zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Usiku wake ulikuwa wa buluu, si buluu ya mbingu, bali ile ya kitambaa kilichochujuka kikatia rangi na vingine. Wekundu haukukaa mahali pake. Ulivuja nje ya shati, ukaning'inia hewani kando ya mtu kama unamsubiri. Nyuso zilikuwa na ukungu, kwa hiyo hukujua mtu anaogopa mpaka uone mabega yake. Na kanda huchakaa pale watu wanapoirudisharudisha. Kila ilipokaribia mauaji, mistari myeupe ilianza kupita chini ya picha, kisha juu, kisha picha yote ikatetemeka. Waliotutangulia, wapenda hofu wa Mombasa nzima, walikuwa wametuachia alama.

Kulikuwa na nyakati ambapo picha yenyewe ilianza kutembea. Haikuonyesha mtu akitembea. Ilikwenda yenyewe, ikapita kwenye majani, ikapanda ngazi, ikachungulia dirishani, ikiyumba kidogo kama kichwa cha mtu anayehema.

"Ndiye yeye," Shangazi alisema mara ya kwanza, mguu wake ukipunguza mwendo kwenye cherehani. "Sasa twaona kwa macho yake."

"Mimi sitaki macho yake," alisema Bi Nuru. "Nirudishie yangu."

Yule muuaji Shangazi na Bi Nuru walimwita Bwana Hodi, kwa kuwa aliingia nyumba zote za watu bila kubisha hodi hata moja. Kulikuwa na sehemu moja ambamo alikuwa akinyoosha kila kitu kutuelekea sisi: mpini wa jembe, ubao, ncha ya chuma. Hata watu wa kawaida wa mle ndani walitunyooshea vijiti na mipira. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba ilitengenezwa itazamwe kwa miwani maalumu, vitu vionekane vikitoka nje ya kioo. Sisi hatukuwa na miwani. Bi Nuru aliinamisha kichwa kila mara, kisha akakasirika. "Mbona yuwatuchokoa sisi? Sisi tumemkosea nini?"

Muziki wa picha zile nimeusikia ukubwani tu, na naona unasema mno, unakuambia lini uogope. Kwetu muziki ulikuwa cherehani. Shangazi alishona taratibu mambo yakiwa shwari, akaenda mbio yakiharibika, na wakati wa kisu chenyewe akasimama kabisa, sindano ndani ya kitambaa. Kwa hiyo nilijifunza kutazama. Niliona jinsi walivyomweka mtu ubavuni mwa picha na kuacha upande wa pili mtupu, na ule utupu ukawa mzito kuliko mtu. Niliona chumba kikibaki kinaonyeshwa hata baada ya mwenyewe kutoka. Niliona mlango wa kabati la kioo ukifunguliwa, ukifungwa, na ndani ya kioo wamekuwa wawili. Na juu ya yote niliona sheria moja ambayo haikuvunjwa katika sehemu yoyote. Mtu akionyeshwa uso, bado ana muda. Akionyeshwa mgongo, amesimama peke yake, anatazama dirisha au anaosha chombo, na picha ikamsogelea polepole shingoni, basi amekwisha.

Sikumwambia mtu. Watoto hawasemi wanayoyajua, kwa kuwa hudhani wakubwa wanayajua zaidi. Na wakubwa walionyesha wazi kwamba wanayajua. Kwa nini tena kioo cha kabati kifunikwe shuka? Ili Bwana Hodi asipate pa kutokea. Kwa nini Mama asitoke nje? Kwa sababu nje ndiko aliko. Kwa nini asijitie manukato? Asije akanuswa. Eda yote, nilivyoielewa, ilikuwa ulinzi uliowekwa na watu wenye hekima waliokwishaziona picha zile. Lakini kulikuwa na kosa moja ambalo wote walilisahau. Mama alikuwa akitembea peke yake ukumbini, katika kanzu nyeupe, shingo wazi, akasimama dirishani kwa muda mrefu, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Na mimi niliyekaa kwenye mkeka nilikuwa nikimtazama mgongo.

Ndipo nikamkumbuka Baba, kofia yake na mabega. Aliyemtazama asubuhi ile mpaka kichochoro kikapinda nilikuwa mimi. Sikulia. Nilifanya kazi tu. Tangu siku hiyo kila Mama alipoinuka nami niliinuka, nikaenda nyuma yake. Sikumtazama. Niligeuka, mgongo wangu ukaelekea wake, nikatembea kinyumenyume, macho yangu yakilinda ule utupu uliokuwa ukitufuata. Akisimama jikoni, nasimama nimempa mgongo. Akikaa kitandani, nakaa sakafuni nikiutazama mlango. Niligonga mitungi, niliangusha kinu, nilijikwaa kwenye kila kizingiti, lakini kwa wiki nyingi hakuna jicho lililompata Mama kwa nyuma, na Mama akawa hai kila jioni. Nilijiona nafanya vizuri sana.

Siku moja nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akizungumza na Shangazi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Wifi, mwanangu hanitazami."

"Akutazama. Yuko nawe siku zote kama mkia."

"Yuko nami amenipa mgongo. Nikipita, hugeuka. Nikikaa, hugeuka. Nimemwona mimi. Tangu babake afe, uso wangu haumo machoni mwake. Labda nguo hizi zamtisha. Labda aniona mimi ndiye msiba."

"Ni mchezo wa watoto."

"Si mchezo. Mpelekeni Malindi kwa mamangu. Eda ikiisha atarudi, akitaka."

"Kwanza asomewe Kurani," alisema Bi Nuru, ambaye nilikuwa sijui kama naye yumo.

"Asomewe asisomewe, aende. Siwezi kuwa naona kisogo cha mwanangu mchana kutwa. Nimechoka kuachwa."

Ningekuwa mkubwa ningesikia neno lile la mwisho. Nilisikia moja tu: kwamba mimi nitapelekwa Malindi, na nyuma ya Mama hapatakuwa na mtu.

Mjomba alikuwa aje kunichukua Alhamisi baada ya Alasiri. Mkoba wangu ulifungwa, nikavishwa viatu. Mama alinibusu utosini bila kuinama sana, kama anayeogopa kukataliwa, akaingia chumbani na kurudisha mlango. Mimi nikaenda nikakaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mgongo kwenye mlango, nikashika miimo kwa mikono miwili. Bi Nuru alijaribu kunibandua, akashindwa.

"Huyu ana nguvu za mtu mzima," alisema. "Niliwaambia asomewe."

Shangazi alitoka kwenye cherehani, akaja akachutama mbele yangu. Alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa.

"Malindi kuna nini, mbona wakataa? Kwa bibi yako kuna mbata, kuna kuku, kuna wana wenzio."

"Nani atakaa nyuma ya Mama?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma. Nikenda, nyuma yake kutakuwa kutupu. Wewe washona, Bi Nuru hulala."

"Mimi silali," alisema Bi Nuru.

Shangazi alinitazama. Kisha akatazama tivii, ambayo ilikuwa imezimwa, akanitazama tena. Sijapata kumwona mtu akielewa jambo polepole namna ile, kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

"Baba yako," akasema, "siku ile ulimwona akenda?"

"Nilimtazama mgongo."

Akakaa chini sakafuni, yeye na nguo yake yote. Hakucheka. Mpaka leo, katika mambo yote mema aliyonitendea, na ni mengi, hilo ndilo nitangulizalo: kwamba hakucheka, na hakuniambia nyamaza, na hakusema mtoto huyu ana wazimu. Alinishika mkono, akaniketisha mbele ya tivii, akaingiza kanda ya jana. Akaipeleka mbele mpaka kwa yule msichana anayeosha vyombo kwenye beseni, mistari myeupe ikaanza kupita. Akabonyeza, picha ikasimama ikitetemeka.

"Mimi ni fundi," alisema. "Nikiletewa nguo, kitu cha kwanza naangalia mshono. Tazama blauzi. Kifungo cha shingoni kiko vipi?"

"Kimefunguliwa."

"Ndiyo. Huu mgongo." Akaiacha iende kidogo, kisu kikatokea, akaisimamisha tena. "Na hapa?"

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Katika ukungu ule na wekundu ule uliovuja, kifungo kilikuwa kimefungwa.

"Nani amemfunga kifungo?" Shangazi akauliza. "Ana mikono ndani ya maji, na yuwauawa. Hakuna aliyemfunga. Huu mgongo wameupiga picha siku yake. Kisu wamekipiga siku nyingine, pengine yule msichana yuko kwao yuwala wali. Halafu mtu amekaa na mkasi, akavitia pamoja ili wewe na Bi Nuru mshituke. Ukivifumua havijuani. Mgongo haukuita kisu. Vimeshonwa tu."

Aliirudisha, akaipeleka, akairudisha. Nilianza kuiona mishono kila mahali: hapa, hapa, na hapa. Picha ambayo siku zote ilikuwa kama maji yanayotiririka ikawa kumbe ni kipande na kipande na kipande. Nilipumua. Lakini mtoto akipewa jibu huuliza linalofuata.

"Na Baba nani alimshona?"

Shangazi alimgeukia Bi Nuru. Bi Nuru alianza kusema ni kudura ya Mungu, akaishia katikati.

"Mimi nitamjibu," alisema Mama.

Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakuwahi kuingia ukumbini tivii ikiwa inawaka. Alikuja akaketi kwenye mkeka, akanigeuza nimwelekee. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliuona uso wake kwa karibu. Ulikuwa umekonda, na macho yalikuwa yale yale.

"Wewe ulimtazama babako ukiwa juu ya kasha," alisema. "Na mimi je? Kabla hujazaliwa, wadhani nilikuwa wapi akitoka? Nilikuwa dirisha hilo hilo. Kila asubuhi nimemtazama mgongo mpaka apinde, tangu naletwa nyumba hii bibi harusi. Na kila siku alirudi. Arudi na ndizi, arudi na hasira, arudi na vumbi la saruji lakini arudi. Jicho langu halikumrudisha. Na siku alipoitwa, jicho lako halikumwita. Sisi tulikuwa twamtazama tu, kwa sababu twampenda na yuwaenda. Umesikia?"

Nililia kilio ambacho nilikuwa sijakilia, na pengo langu likatoa mluzi kila nilipovuta pumzi, mpaka Shangazi akageuka pembeni na kujifanya anatafuta kitu chini ya cherehani.

Kisha Mama alifanya jambo. Aligeuka akaketi mbele yangu, akanipa mgongo. Alivua kanga kichwani, akafungua nywele. "Niletee kichana," alisema, "unichane. Taratibu."

"Eda," Bi Nuru akasema.

"Kuchana si kujipamba, Bi Nuru. Nisichanwe niote kiota?"

Nilipiga magoti nikaanza. Mbele yangu kulikuwa na shingo ya Mama, mfupa ule mdogo juu ya mabega, na nyuma ya sikio kidoa cheusi ambacho nilikuwa sijui kama anacho. Kwenye tivii Shangazi aliiacha picha iendelee. Picha ikatembea yenyewe kwenye majani ya buluu, ikapanda ngazi, ikamkaribia mtu. Nilitaka kufumba macho. Sikufumba. Nilichana.

"Huyu mbona hawashi taa?" Mama akauliza. "Nyumba yote hii hamna taa hata moja?"

"Wakiwasha taa itakwisha mapema," Shangazi akamjibu.

"Na yule mwingine yuwaenda ghalani kufanya nini, usiku, na nguo ile?"

"Yuwaenda kufa, wifi. Kila mtu na kazi yake."

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikasimamisha kichana. Alikuwa anacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa kama kitu kilichosahaulika mahali kikawa kinatafuta njia ya kutokea. Bi Nuru naye akaanza, kisha Shangazi, na bila sauti ya tivii vicheko vyao ndivyo vilivyokuwa sauti pekee nyumbani. Wakati huo huo mtu akabisha hodi chini ya ngazi, Bi Nuru akaruka hata mto ukaanguka. Alikuwa Mjomba, amekuja kunichukua.

Mama akamwitikia bila kuinuka, mimi bado nimeshika nywele zake. "Pole kwa safari. Kunywa chai kwanza. Mwana haendi."

Eda iliisha. Wanawake walimwogesha Mama, wakafukiza udi, kioo kikavuliwa shuka. Tivii haikuondoka, na hata sauti ikafunguliwa, lakini hatukuipenda. Shangazi akakizungusha tena kitufe na tukawa tunatazama vile tulivyozoea. Alinifundisha kushona, sikuweza. Alinifundisha kutazama, hilo nikaliweza. Nadhani ndilo linaloniweka njiani. Kila nikifika mji mpya, kwanza natafuta unapoungwa, mahali ambapo bati jipya limekutana na ukuta wa zamani, na nikishapaona naweza kupika na kulala hapo bila wasiwasi. Shangazi alifariki nikiwa kambi ya mbali na sikuwahi mazishi. Vijana wa kambini hawakujua kwa nini nilisimama na sinia mpaka picha ikaisha.

Mama yupo, amezeeka, ngazi hazishuki tena. Nikienda kwetu hukaa siku chache, kisha miguu huanza kuniwasha, naye hujua kabla yangu, hunifungia vitumbua kwenye karatasi. Asubuhi ya kuondoka nashuka, natoka mlangoni, nashika kichochoro. Yeye huwa amekwishafika dirishani. Simwoni, kwa sababu sigeuki. Natembea taratibu kuliko ninavyotembea mahali pengine popote, mgongo wangu wote wazi kwake, mpaka njia ipinde.